Namna ya kuchagua kazi ya sanaa ya wanafunzi kwa kusimamisha ku kampusi: vile tulijifunza hapa Lubumbashi

Kama wamekuweka mu komite ya kuchagua kazi ya sanaa ambayo wanafunzi watasimamisha ku kampusi, ikuwe sanamu, ukuta ya kupaka rangi, benchi ya mozaiki, kitu yoyote ya kubakia inje mbele ya macho ya watu, hii maandiko ni yako. Mi niko asistanti, nimekaa mu komite ya namna hii mara tatu hapa Lubumbashi, na ile ya kwanza tulichagua vibaya. Tulichagua mchoro, hatukuchagua kazi. Mchoro ilikuwa ya rangi ya maji, mama amebeba kikapu ya makala ku kichwa, biro muzima ilinyamaza wakati tuliifunua, na ndani ya dakika 20 tulikuwa tumeshapiga kura. Kisha mvua ya mwezi wa kwanza ikashuka, maji ikachimba chini ya msingi, na kufikia mwisho wa mwaka ule mama wa beto alikuwa ameinama kuelekea ukuta ya oditware, tukazungusha kamba juu watu wasipite karibu. Mwanafunzi aliyemutengeneza akaanza kupita njia ingine asimuone. Kosa haikuwa yake. Ilikuwa ya sisi tuliokaa ku meza, tena hakuna hata mmoja wetu alikuwa ametoka inje kuangalia fasi yenyewe.

Njo maana kila kitu naandika hapa inarudia ku jambo moja: kazi ya sanaa ya inje inachaguliwa inje, pale itasimama, pamoja na watu watakaoishi nayo.

Hatua ya 1: Museme fasi, pesa, na nani ataiangalia, mbele ya kuita wanafunzi

Msiandike tu "wanafunzi walete mawazo". Watawaletea mawazo 40, kila moja ya fasi yake, na hamtaweza kulinganisha. Mu tangazo muandike fasi ni wapi kabisa (kati ya kantini na oditware, si "ku kampusi"), pesa iko ngapi kwa jumla, na nani atakuwa anaisafisha na kuitengeneza kisha. Kama hakuna mtu wa kuiangalia, kwanza mutafute huyo mtu, juu kazi isiyo na mwenyewe inakufa.

Muangalie pia kalenda ya mvua. Kwetu mvua inaanza kuwa ya kweli mwezi wa 11 na inaenda mpaka mwezi wa 4, kisha kiangazi kuanzia mwezi wa 5. Beto na rangi vinapenda kiangazi. Kwa hiyo tangazo itoke mwezi wa 1, uchaguzi mwezi wa 3, mwezi wa 4 ya kununua vitu, na mafundi waingie mwezi wa 5. Mkitoa tangazo mwezi wa 8, mtajikuta mnapaka ukuta chini ya mvua.

Hatua ya 2: Dosye ikuwe ndogo lakini ya ukweli

Mi naomba vitu vitano: ukurasa moja ya maelezo, mchoro yenye vipimo kutoka pande tatu, maketi, ni kusema mfano mdogo wa kazi, ya kimo ya mkono (udongo, karatoni, waya, chochote), lisiti ya vitu vya kununua na bei yake, na foto ya fasi iliyopigwa na yeye mwenyewe na telefone. Ile foto inaonekana kitu kidogo lakini inanisaidia sana, juu inanionyesha kama alifika pale au alichora akiwa nyumbani.

Msiombe karatasi kubwa ya rangi za kuprinti mjini. Ile inachagua watoto wenye pesa, haichagui wenye kipaji. Na bei za vitu ziwe za sokoni, mwanafunzi aende soko ya Kenya, ile komini yetu, aulize simenti, rangi, feri ya beto, aandike jina ya kitu na bei ya siku ile.

Hatua ya 3: Mufute majina

Katibu achukue dosye zote, aondoe majina na promosyo, aweke namba. Mu komite yetu ya pili tulifanya hivi na nikaona namna macho ya watu inabadilika, juu mbele ya hapo kila mtu alikuwa anajua huyu ni mtoto wa nani, anatoka upande gani, alipata pwanti ngapi mu kozi ya nani. Wengine watasema hii ni mambo mengi kwa kazi ya wanafunzi tu. Hapana. Mwaka 1981 kule Washington, Marekani, walitafuta mnara ya kukumbuka askari waliokufa mu vita ya Vietnam, wakapokea miradi 1,421, yote bila majina, wataalamu 8 wakachagua namba 1026. Walipofungua bahasha wakakuta ni Maya Lin, mwanafunzi wa miaka 21 wa chuo kikuu cha Yale. Kama jina yake ingekuwa inaonekana tangu mwanzo, sijui ni nani angeacha mafundi wakubwa wa Marekani amuchukue msichana ambaye bado anasoma.

Na mwenye kuwa na mtoto, ndugu, ama mwanafunzi anayeongoza memware yake kati ya waliotuma, aseme mwenyewe na atoke mu chumba wakati wa ile dosye. Asingojee wengine wamuambie, juu kati yetu hakuna mtu atamuambia profesa mkubwa atoke.

Hatua ya 4: Muende pale na kamba na miti

Hii ndiyo hatua ambayo sitakubali mtu airuke. Chukueni miti mirefu minne, kamba, mkebe ya chokaa, na mchoro zote zenye mmebakisha. Kwa kila moja, musimamishe miti ku vipimo vyake vya kweli, muzungushe kamba, mumwage chokaa chini kuonyesha fasi ya msingi. Kisha mkae. Saa sita ya mchana, wakati oditware inatoka, muangalie wanafunzi wanapita wapi.

Mwaka jana tulikuwa na dosye namba 7, duara kubwa ya matofali, watu waingie ndani wakae wakisoma. Ku karatasi kila mtu aliipenda. Tukasimamisha miti, tukafunga kamba, na saa sita ilipogonga wanafunzi zaidi ya mia wakatoka kwa mara moja, wakafika ku kamba, wakasimama, wakaanza kuiruka mmoja kwa mmoja, wengine wakapita mu maua. Tulikuwa tumefunga njia ya kantini bila kujua. Hakuna mtu ku biro alijua kama pale kuko njia, juu haiko ku plani, ni miguu ya watu njo ilichora. Na papa sentinele, anayekaa pale kila usiku tangu miaka mingi, akakuja na koti yake ku bega akatuangalia kwanza bila kusema kitu, kisha akaonyesha na fimbo: "Mwezi wa kwanza na wa pili maji yote ya paa inapita hapa, bakubwa. Inafika hapa ku kiatu." Akaonyesha juu ya kifundo ya mguu. Ule mzee alitupatia ndani ya dakika moja kitu ambacho komite ya kwanza ilijifunza kwa kupoteza sanamu nzima. Tangu siku ile tunamuita, na mama anayefagia pia, mbele ya kupiga kura, na maneno yao inaandikwa mu raporo sawa ya profesa.

Hata miji mikubwa ilishafanya kosa hii. Kule New York mwaka 1981 walisimamisha mbele ya biro za serikali ukuta ya chuma ya Richard Serra, urefu karibu mita 36 na kimo zaidi ya mita tatu na nusu, ikakata uwanja katikati, wafanyakazi wakalalamika kila siku kuzunguka, na mwaka 1989 ikakatwa na kuondolewa. Serra alikuwa mchongaji mkubwa, hakuna anayekataa. Lakini kesi yake ilianza ku miguu ya watu.

Mkishamaliza mchana, rudini tena jioni kama saa kumi na mbili na nusu. Muulize wasichana: ile kona ya nyuma ya sanamu, ungepita hapo peke yako? Kitu yenye kutengeneza fasi ya kujificha watu wabaya haifai, hata ikuwe nzuri namna gani.

Hatua ya 5: Usalama na vitu vya kutengenezea ni mlango, haiko pwanti

Watu wengi wanaweka usalama mu lisiti ya pwanti, 10 ku 10 kwa uzuri, 2 ku 10 kwa usalama, kisha wanagawanya. Hivyo kazi ya hatari inaweza kushinda juu ni nzuri sana. Ifanyeni mlango: inapita ama haipiti, na ile haipiti inarudishwa kwa mwanafunzi na maelezo, apate juma mbili ya kurekebisha. Muite masoni mmoja na fundi wa kuchomea vyuma, muwalipe usafiri, watasaidia kuliko sisi wote wenye diplome.

Vitu vya kuangalia:

Uzito. Beto ya metre kibe moja ni karibu kilo 2,400. Mwanafunzi akichora kitu ya mita 1 kwa mita 1 kwa kimo mita 2, imejaa, ile ni kama tani 4.8, muulize msingi yake iko wapi. Na simenti: beto ya kawaida inaomba karibu kilo 350 kwa metre kibe, ni mifuko 7 ya kilo 50. Hiyo sanamu inakula mifuko 14. Nimeona lisiti yenye mifuko 5. Hakuwa anadanganya, hakujua tu kuhesabu, na kazi yetu ni kumuonyesha. Mara nyingi jibu ni kuitengeneza na tupu ndani, feri na waya ya kuku, kisha simenti juu.

Watu watapanda. Siku ya kolasyo, wakati wanafunzi wanapewa diplome, familia zinakuja na pudre, wanapiga kelele, na kila mtu anataka foto juu ya sanamu. Muhesabu watu sita, kilo 70 kila mmoja, ni kilo 420 juu ya mkono moja ya sanamu. Ule mkono ukivunjika, si sanaa tena, ni hospitali. Na watoto wa mtaa wanaingia kucheza siku ya yenga: matundu ya kati ya sentimita 9 na 23 inaweza kushika kichwa ya mtoto, mwili unapita na kichwa inabakia, kwa hiyo tundu ikuwe ndogo kuliko hapo ama kubwa kuliko hapo.

Shaba. Najua, tuko ku mji wa shaba, kila mwaka kuko mwanafunzi anataka kufunika kazi yake na shaba. Moyo unamuelewa. Lakini shaba ya inje bila mlinzi inaenda kwa wenye kununua mitraye (vyuma vya zamani) ndani ya juma moja. Ikuwe juu sana, ama ndani ya beto, ama atafute njia ingine ya kusema shaba, kwa mfano rangi ya kijani ya malakite ku mozaiki ya vigae vilivyovunjika, vile havina mtu wa kuviiba na vinadumu.

Mbao. Muangalie kushoto na kulia, vichuguu vikubwa vya huku vinafika mita nane. Mchwa haingojei. Mbao yenye kugusa udongo wetu muikatae, ama isimame juu ya mguu wa chuma. Lakini udongo wa kichuguu wenyewe ni mzuri, njo tunafyatulia matofali tangu zamani, na kazi ya matofali ya kuchoma iliyochongwa kabla ya kuchomwa ndiyo nimeona inavumilia mvua kupita zote.

Rangi. Kama ni ukuta, mwagie maji kidogo na uangalie, kisha utafute ile unga nyeupe kama chumvi inayotoka chini ya ukuta. Ukiiona, maji inapanda kutoka chini na rangi itabanduka hata mpake mara tatu. Repiko mpya, ile simenti ya kupakaza ku ukuta, muiache siku 28 mbele ya kupaka. Na muulize mwanafunzi rangi gani: nyekundu na manjano kali za bei ndogo zinakufa haraka ku jua, zile za udongo, nyekundu ya kutu, oka, kahawia, zinakaa miaka. Kuko mwanafunzi alibadilisha mradi yake yote kuwa ya rangi za udongo kisha ya hii maneno, na ikatoka nzuri kuliko ya kwanza.

Umeme. Kazi inayohitaji taa ili ionekane, muiangalie bila taa. Kama bila taa haina kitu, basi haina kitu siku nyingi za juma.

Hatua ya 6: Inasema nini, na kwa nani

Hapa hakuna masoni wa kusaidia, ni sisi wenyewe kusikiliza. Alama moja inaweza kuwa na maana mbili mu mji moja. Mfano ni ile misalaba ya shaba, krwazeti. Kuko mwanafunzi alileta tatu kubwa za kusimama. Kwake ilikuwa pesa ya zamani ya wafua shaba, kazi ya mababu mbele ya mkoloni, na ni ukweli. Lakini krwazeti tatu zilikuwa pia ku bendera ya Katanga ya kujitenga, 1960 mpaka 1963, na mzee mmoja mu komite alipoziona hakusema tena neno mpaka kikao ikaisha. Hatukuikataa. Tulimuomba mwanafunzi akae na watu wa pande zote, wenye kutoka Kasai pia, na akarudi na krwazeti moja imelala chini, watu wanaikalia, na kando mikono inayoifua. Ile ilipita bila mtu kukataa.

Kama mnafikiri kuuliza ni kupoteza wakati, muangalie Ghana: sanamu ya Gandhi ilisimamishwa ku chuo kikuu cha Legon mwezi wa 6 mwaka 2016, walimu wakaipinga juu ya vile aliandika kuhusu watu weusi, na mwezi wa 12 mwaka 2018 ikaondolewa. Ama Cape Town, sanamu ya Rhodes, ule mkoloni Muingereza, ilikaa ku chuo kikuu tangu 1934, wanafunzi wakasimama, mwezi wa 4 mwaka 2015 ikashushwa. Wenye kuishi na kitu watasema siku moja. Ni vizuri waseme mbele.

Muangalie pia kama mkono ni yake. Tuko ku mji wa Hangar ya Romain-Desfossés, ile nyumba ya wapaka picha ya mwaka 1946, na kila mwaka tunapata ndege na samaki za Pilipili, mmoja wao, zimerudiwa. Mi nawaambia wanafunzi: Bela alipaka na vidole, Mwenze alijaza picha na mistari mifupi mifupi, Pilipili alikuwa na wanyama wake, watatu mu nyumba moja na hakuna aliyefanana na mwenzake. Kurudia kazi yao haiko kuwaheshimu. Na zile zilizotolewa ku intaneti, tafuta foto yake na telefone, dakika mbili tu.

Hatua ya 7: Kila mtu aandike pwanti yake peke yake mbele ya kuongea

Watu watano mpaka saba, si zaidi, kwa mfano: walimu wawili, wanafunzi wawili, mmoja wa inje anayejua sanaa, na mtu wa kutunza kampusi. Wa inje hawakosekani, tuko na Akademi ya Beaux-Arts na wasanii waliokomaa mu Bienale ya Lubumbashi tangu 2008. Kila mtu aandike bila kusikia wengine, juu profesa akishasema "mi napenda namba 3" kikao imeisha. Kisha msijumlishe haraka. Tafuteni pale mtu moja aliweka 9 na mwingine 3, muongee ile, juu hapo ndipo kuko kitu.

Hatua ya 8: Muwasikilize, na kwa lugha yao

Tatu ama nne zilizobakia waje na maketi, dakika 10 kila mmoja. Waongee kiswahili wakitaka. Mu komite ya pili kijana wa namba 11 aliandika kifaransa yenye kuvunjika, karibu tuiweke kando. Alipoingia na maketi yake ya udongo wa kichuguu na waya za mitraye, tukamuambia aeleze na kiswahili, akaanza kusema vile maji itapita, akaigeuza kuonyesha tundu chini ya kutoshea maji, tundu ya unene wa kidole, akamwaga glasi ya maji juu mbele yetu na maji ikatoka yote kando. Kijana mwingine kabla yake aliongea kifaransa ya redio na hakujua sanamu yake itasimama juu ya nini. Namba 11 iko pale mpaka leo, wanafunzi wanaweka vitabu juu yake.

Maswali yangu ni manne: utaanza na nini siku ya kwanza? Nani atakusaidia? Ukikosa hii kitu ku soko utafanya nini? Na miaka mitano ikipita itakuwa na sura gani?

Hatua ya 9: Pesa

Muongeze 10 ku 100 kwa ajali za bei, na muweke kando kitu kidogo cha kutengeneza kila mwaka. Pesa itoke mara tatu, ya vitu, ya katikati, ya mwisho. Na mwanafunzi alipwe kazi yake, hata kidogo, msiseme atapata heshima. Heshima hainunui chakula, na amepoteza juma zake za kiangazi kwa ajili ya shule.

Hatua ya 10: Karatasi ya makubaliano

Ukurasa moja inatosha: kazi itakaa miaka ngapi, nani anaitengeneza, jina ya mwanafunzi itaandikwa wapi, na shule ikitaka kuiondoa ama kuipaka upya imuambie kwanza. Hii haiko zawadi, mu Congo kuko sheria ya haki za mtunzi, ile ordonansi-lwa namba 86-033 ya tarehe 5 mwezi wa 4 mwaka 1986. Kununua sanamu haikupi ruhusa ya kuifanya unavyotaka.

Hatua ya 11: Mujibu kila mtu

Wote waliotuma, hata 40, kila mmoja apate barua yenye mistari mitatu: kitu kimoja kilichopendeza komite, kitu kimoja kilichoiangusha, na maketi yake arudishiwe bila kuvunjika. Mugawanye barua kati yenu, nane kwa kila mmoja mkiwa watano, inaisha jioni moja. Ile mwaka ya kwanza hatukujibu, na mara iliyofuata waliotuma wakapunguka sana. Tulipoanza kujibu, msichana aliyeanguka na mozaiki yake ya vigae alirudi na ile ile mradi, amepunguza kimo, ameongeza mfereji wa maji, barua yetu ameibandika nyuma ya mchoro. Sasa hivi anachimba msingi, papa sentinele njo alimuonyesha fasi ya kuanza.